Jenerali wa Buziga

Mama yangu, kule Masaka, hadi leo anawaambia majirani
kwamba nimeajiriwa hospitalini.
Aseme nini? Kwamba binti aliyesomeshwa kwa magunia ya kahawa
anaosha mbwa wa watu mlimani,
anawakata kucha, anawatoa nta masikioni?

Kinyozi wa mbwa, basi. Nimekwisha kukubali.
Begi langu, mashine yenye meno mapya,
sabuni ya mwarobaini niliyoichemsha mwenyewe,
na maini makavu mfukoni,
maana mbwa hasikilizi salamu, anasikiliza mkono.

Buziga. Lango jeusi, ukuta wa nyaya.
Askari, Okiror, alinipima kwa macho mara mbili.
"Uko peke yako? Huyu ni mbwa wa Urusi."
Akalitamka *Urusi* kama mtu anayeonya kuhusu umeme.

Nyuma ya jenereta, juu ya saruji,
nikaona zulia
lililotupwa baada ya mafuriko.
Zulia likafungua jicho.

Sijui niyaeleze vipi manyoya yale.
Udongo mwekundu, mkojo, mbegu za magugu,
ganda la ndizi, misimu miwili ya mvua,
vyote vimesukwa na mikono ambayo haikuwepo.
Kupe wamejaa masikioni kama punje kwenye gunzi.
Kila alipotaka kusogeza mguu, fundo lilivuta ngozi ya kifua,
naye akaahirisha.

Jenerali. Ndilo jina.
Niliita. Hakuinuka. Hata mnyororo haukulia.

Nikaketi chini, nikampa bega, si uso.
Robo saa. Okiror akacheka, kisha akaacha.
Ndipo pua, baridi, ikagusa kiwiko changu
na ini likaondoka kiganjani
kwa adabu ambayo sijui nani alimfundisha.

Maji hayatangulii; maji hukaza fundo.
Mkasi kwanza, halafu mashine, halafu kungoja mashine ipoe.
Saa nzima kwa bega moja.
Na kadiri nilivyokata, ndivyo mbwa alivyopungua:
kilo sabini kwa macho,
arobaini kwa mikono,
na chini ya sufu ya kutisha watu, nyonga mbili
zilizochongoka kama vigingi vya hema.

Shingoni mkono wangu ulikoma.
Ukosi. Mwembamba, mwekundu, una njuga,
ukosi wa kitoto cha mbwa cha kubebwa kwapani.
Mtu alikivisha akitabasamu, hakurudi kuulegeza.
Nyama ilikuwa imeumeza. Njuga, humo ndani,
ilikuwa bado inalia kidogo alipopumua.

"Hela ya nyama ilikoma Pasaka," Okiror alisema, kama vile anauambia ukuta.
"Nampa nusu ya posho yangu.
Lakini ni nusu ya mtu mmoja."
Sikuwa na la kumjibu. Asubuhi, langoni,
nilikuwa nimekwisha kumhukumu.

Magunia mawili ya manyoya. Jenerali akasimama,
akajikung'uta kwa nguvu za mwili wake wa jana,
akapepesuka. Alikuwa mwepesi kuliko alivyojikumbuka.

Simu ikalia. Mwenye nyumba.
"Ile ya shingoni umeiacha? Ile kama ya simba?
Jumamosi nina wageni."
Nikamwambia kuhusu ukosi. Nikamwambia daktari anakuja kesho
na gharama ni yake.
Akanyamaza. Nilisikia redio ya gari lake.
Kisha: "Lakini bado anatisha?"

Nikamtazama.
"Anatisha, mzee," nikasema. "Njoo uzione mbavu."

Nilikunja nyaya, nikapangusa meno ya mashine.
Jenerali alizunguka mara moja, mara mbili,
akajilaza ubavu wa kushoto,
ule uliokuwa na fundo kubwa kama kichwa cha mtoto,
ule ambao, Okiror aliniambia, hajaulalia tangu mwaka jana.
Akavuta pumzi. Njuga ikalia.
Akakoroma kabla sijafunga begi.